Siku yangu na fahali wa Muheza

Saa 11 alfajiri. Simu inaita kabla ya adhana. Kipindi hiki cha kaskazi, Januari hadi Machi, ng'ombe wengi huku Muheza, Tanga, huonyesha joto (hamu ya kupandwa) usiku tu. Jua likichomoza wanatulia kama hawakuwa na haja. Kijana aliyepiga ana mtamba aliyesimama kupandwa na wenzake, ute unaning'inia. Namwambia nitakuja jioni kumhimilisha, yaani kumtia mbegu kwa mrija, amfunge kivulini.

Saa 1 asubuhi. Nimefika kwa mama mmoja mwenye majike watano. Wote wamepandwa na dume lake, wote wamerudia joto baada ya siku 21.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu dume kanichosha. Jumamosi dalali anamchukua."

Nimemtazama: chotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, amenona, anapanda kwa nguvu. Hapo ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Hamu ya kupanda na ubora wa mbegu ni vitu viwili. Korodani zilikuwa zimeshuka chini kabisa, pumbu (mfuko wake) limelegea, mnyama anatafuta ubaridi. Mwili wa ng'ombe una nyuzijoto kama 38.5, lakini korodani zinataka pungufu ya hapo kwa nyuzi 2 hadi 6. Ndiyo maana zinaning'inia nje, pumbu linatoa jasho, na juu yake mishipa ya damu imesokotana ili damu ya moto ipoozwe kabla ya kufika. Zebu wetu wa asili mshipa wao ni mrefu zaidi na kuta zake nyembamba, hivyo wanahimili. Damu ya Ulaya inahimili kidogo.

Saa 2. Tumekinga mbegu kwa uke bandia. Kioo cha hadubini nimekipasha moto kwanza, maana kioo baridi kitakudanganya kwamba mbegu zimekufa. Mbegu nzuri chini ya hadubini zinavingirika kama mawingu ya masika. Leo hakuna wimbi. Moja moja inasogea, nyingine inazunguka palepale. Nilipotia rangi nikaona mikia iliyojikunja, vichwa vilivyopinda, vitone vimebaki shingoni. Tunataka angalau 70 katika kila 100 ziwe na umbo zuri. Hizi hazikufika nusu. Nikamwita mama achungulie mwenyewe. Akakaa kimya muda mrefu.

"Hizi zenye mkia kama pete ndizo nilizokuwa nikisubiri ndama?"

Saa 3. Nimeuliza habari za Februari. Banda liliezuliwa na upepo, dume akafungwa kwenye mnazi juani wiki mbili. Jibu nikalipata hapo. Mbegu ya fahali hutengenezwa kwa siku 61 hivi, kisha huchukua siku kama 10 kukomaa kabla ya kutoka. Jua la Februari linaonekana Machi, wakati kila mtu keshalisahau, na lawama zinawaangukia majike. Homa kali, mathalani ya ndigana (ugonjwa wa kupe), inaweza kuharibu vilevile. Fahali huyu si tasa, na niliumia kufikiria alivyokaribia kwenda kuchinjwa.

Banda jipya ni la bati, chini mno. Nimeligusa kwa ndani, mkono ukaruka. Tumekubaliana: makuti juu ya bati, ukuta wa upande wa upepo uondolewe, pipa la maji lisikauke, majani apewe jioni na usiku. Dume apumzike, majike nitawahimilisha kwa mrija.

Mchana nimepita nyumba tatu za chanjo.

Saa 11 jioni. Kwa yule kijana. Mrija wa mbegu umetoka kwenye mtungi wa naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, ukaingia maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 40, nikaufuta, nikauficha kifuani mpaka kwenye ng'ombe. Nimemsisitiza kijana kuhusu kivuli wiki nzima ijayo. Kiinitete cha siku za mwanzo hufa upesi mama yake akipata joto kali, hata mbegu iwe bora namna gani.

Saa 2 usiku. Mama kapiga. Makuti yameletwa, dalali kaambiwa asije. Nimefungua daftari: leo Machi 24, ongeza siku 71. Juni 3, hadubini, kwa mama.