Pakiti ya chumvi iliyofika siku 20

Mwaka jana muuguzi wa kituo chetu cha afya alinipima tension, yaani shinikizo la damu, akakuta 16 kwa 10 (160 kwa 100). Akaniandikia dawa, kisha akauliza: "Mama, chumvi unatia kiasi gani?" Nikasema kiasi cha kawaida. Sikuwa na jibu lingine. Tangu utoto natia kwa vidole, naonja, naongeza.

Akanieleza kiwango cha OMS, Shirika la Afya Duniani: mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, vyakula vyote vikihesabiwa. Sisi nyumbani, Kadutu, mjini Bukavu, tuko sita. Pakiti ya nusu kilo ilikuwa inaisha kwa wiki moja. Piga hesabu: karibu gramu 12 kwa kila mtu, na hapo bado kibe, kile kiungo cha vipande vya mraba, ambacho karibu nusu yake ni chumvi. Nilishtuka, maana kitinda mimba wangu ana miaka minne na anakula chungu hichohicho.

Nikaandika tarehe kwa biki juu ya pakiti mpya. Kila asubuhi nikawa natoa vijiko vitano vya chai, si sita, kwa kuwa mtoto anahitaji pungufu, naviweka kwenye kikopo. Maharage, sombe (majani ya muhogo), samaki, vyote vinakula humo. Kikopo kikiisha, basi hadi kesho.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Mama mkwe alichovya tonge la bugali kwenye sombe, akaniangalia: "Mkwe wangu, chumvi imekosekana sokoni?" Nikamweleza habari ya tension. Akanyamaza, akala kidogo, akanawa. Iliniuma sana usiku ule.

Ndipo nikabadili namna ya kupika. Kibe niliacha kabisa. Sombe naitwanga pamoja na majani ya kitunguu na pilipili, naichemsha muda mrefu mpaka ilainike vizuri. Mawese, niliyokuwa namimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, sasa napima kwa kijiko. Chumvi inaingia mwisho, chungu kikikaribia kuepuliwa; hapo hata kidogo ulimi unaisikia. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu wenye chumvi nimewapunguza, nanunua wabichi asubuhi pesa ikiwepo, nawakamulia ndimu.

Kwa mboga na matunda, OMS inataka angalau gramu 400 kwa mtu kwa siku, na hatukuwa mbali. Muhogo na viazi havihesabiwi humo, lakini sombe na lengalenga vinahesabiwa. Niliongeza parachichi au ndizi mbivu tu.

Kazi yangu ni kushona, mtaa wa Nyawera, kutwa nzima nimekaa kwenye mashine. Mwili unataka angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki. Nikaacha kupanda moto, yaani pikipiki, jioni: kutoka kazini hadi nyumbani ni dakika 25 za kupanda mlima, mara sita kwa wiki. Nafunga mapema ili giza lisinikute njiani. Siku za mvua tope linateleza, navaa viatu vya plastiki.

Pakiti ile ilifika siku 20. Baada ya miezi mitano tension ilikuwa 13 kwa 8, na dawa naendelea kumeza kama nilivyoagizwa.

Mwezi uliopita tulialikwa harusini. Mama mkwe alionja sombe, akaomba maji, kisha akaniinamia sikioni: "Mkwe wangu, hawa wametia pakiti nzima."