Ku telefone ya nani?

Siku 4 sijalala vizuri juu ya swali moja. Harusi ya binamu ilipita, umeme ulikatika jumanne mpaka alhamisi, Mama Neema alirudi toka Idjwi na samaki, yote hiyo nimeiona kama mutu mwenye amepanda basi, kichwani niko na Yaya shefu tu.

Munamujua, ule wa Marekani mwenye anatupatiaka kazi ya kupandisha picha za mesaji zenye wateja wake wanatumiaka batu ku telefone. Safari hii ni duka la keki. GIF moja, ni kusema picha yenye kucheza, keki inatokea polepole, mishumaa inawaka, kiisha bei. Ilikuja na mega 2 na kitu, nikapunguza rangi, nikatoa fremu zingine, ikafika KB 480, maana ukiacha faili nzito mitandao ya kule inaikamua yenyewe na inatoka kama uji. Nikaifungua ku telefone yangu, inacheza muzuri kabisa, nikapandisha, nikaandika "iko sawa".

Jioni akaniita.

"Mteja amepokea ile ya kujaribu. Anauliza kama tunauza karatasi."

"Karatasi gani, Yaya?"

"Nyeupe. Uliangalia ku telefone ya nani?"

"Yangu."

Akanyamaza. "Basi keki utanunua weye."

Kumbe telefone zingine hazichezeshi GIF, zinaonyesha fremu ya kwanza tu, na yangu ya kwanza ilikuwa weupe mutupu, keki haijatokea bado. Kutengeneza ni dakika 10, keki na bei zikae mbele, na bahati batu wote walikuwa hawajatumiwa. Lakini ile "utanunua weye"! Hata sauti hakupandisha. Nikioga namujibu: Yaya, mimi niko Bukavu, telefone za kule nitatoa wapi? Yaya, hata weye hukusema! Majibu matamu matamu, na yote inaishia palepale, "yangu".

Sasa jana mdogo wangu wa Uvira ananiambia hivihivi, akitafuna, eti mama picha za mutoto wangu Neema haonaka. Mega za internet anaweka kidogo, picha inabaki ukungu na mshale. Na mimi miezi yote natuma, mutoto ana meno 2, mutoto ana meno 4, na mama anajibu kwa sauti, "Nimeona mwanangu, amefanana na marehemu baba yako." Nilicheka mpaka Mama Neema akatoka jikoni, kiisha kicheko kikakauka. Neema anafanana na upande wa mama yake, kila mutu anasema, mimi nilizania ni mapendo ya nyanya tu.

Nimemutumia mega. Mpaka saa hii kimya (ao amefungua, anatafuta la kusema).

Mvua imeanza tena, na ule ukuta wa nyuma ya nyumba niliandikaka habari yake, ufa unameza kidole kizima sasa, na mwenye nyumba telefone yake haipiti tangu asubui.