Tunapandia bahari ipi?

Wiki hii, nikiandika na mwenzangu rasimu ya maeneo ya kupanda upya misitu ya mwani baharini, nimeshinda nikikodolea macho ramani za misitu iliyopotea, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyoona hazinifai sana. Zinaonyesha ilipokuwa kelpu, yaani mwani mkubwa wa kahawia unaoota kama msitu chini ya maji. Ninachotaka kujua ni maji ya hapo yatakuwa na joto gani miaka thelathini ijayo, na mwani gani utayastahimili.

Kisa cha Australia Magharibi hakinitoki akilini. Wimbi la joto baharini la mwaka 2011 lilifagia kelpu katika pwani ya takriban kilomita 100, na maji yalipopoa msitu haukurudi. Mwani mfupi ulitanda juu ya miamba, na samaki wa maji ya joto, walaji wakubwa wa mwani, wakahamia na kuguguna kila chipukizi. Kupeleka miche pale ni kuwaandalia karamu.

Kaskazini mwa California mambo yalianza kwa ugonjwa. Kuanzia 2013 viti vya pweza (wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota) walikufa kwa wingi, akiwemo yule mkubwa mwenye mikono mingi anayekula urchini, mnyama mviringo mwenye miiba ambaye naye hula kelpu. Joto la 2014 hadi 2016 likamalizia kazi: zaidi ya asilimia 90 ya kelpu ya huko ikatoweka, urchini wa zambarau wakabaki wamejazana kwenye mwamba mtupu. Nilidhani njaa ingewapunguza. Wapi! Mpasue mmoja utakuta ndani karibu hakuna kitu, mayai hayapo, lakini yu hai, na anaweza kuvumilia hivyo kwa miaka. Kwa hiyo wapiga mbizi wanashuka kuwaokota au kuwaponda kwa nyundo, mmoja mmoja, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kupanda.

Sydney inanipa moyo zaidi. Mwani uitwao Phyllospora ulitoweka kwenye kilomita 70 hivi za pwani ya jiji hilo katika miaka ya 1980, na mshukiwa mkuu ni maji taka. Baadaye maji yalisafishwa, ila mwani haukurudi wenyewe. Watafiti wakachukua mimea mikubwa, ya kiume na ya kike, kutoka ulikobaki, wakaifunga kwenye wavu uliopigiliwa mwambani. Ikazaa. Watoto wakaota pembeni, wakakua, nao wakazaa. Lakini tukumbuke: aliyeua alikuwa ameshaondoka.

Joto haliondoki kwa mradi wa mtu mmoja. Ndiyo maana navutiwa na kazi ya Tasmania, ambako kelpu kubwa imepungua kwa asilimia 95 hivi. Huko walikusanya mbegu za mimea michache iliyonusurika, wakazijaribu kwenye maji ya joto maabara, kisha wakapanda baharini zile zilizohimili. Mbegu hizo hukua kwanza kuwa nyuzi ndogo mno, na zikiwekwa chini ya taa nyekundu hukaa miaka bila kupevuka, kama ukungu wa kahawia ndani ya chupa. Kuna wanaotaka tulete mbegu za mbali, kutoka maji yenye joto zaidi. Mimi ningeanza na walionusurika papo hapo, tena kutoka wazazi wengi, maana ukichagua wababe wawili watatu, ugonjwa mmoja tu utakumaliza.

Kuna lengo la kimataifa la kurejesha hekta milioni moja za misitu ya kelpu na kulinda milioni tatu ifikapo 2040. Naliunga mkono, ila nachelea hekta: zinashawishi watu wapande palipo rahisi kufika na kupiga picha. (Norwei wanaotesha kelpu kwenye kokoto maabara na kuzimwaga kutoka kwenye boti. Ni rahisi kweli, lakini kokoto inataka mahali isipobingirishwa na mawimbi.)

Basi rasimu yangu nimeipanga upya. Kila eneo linaanza na swali la kilichoua msitu na kama bado kipo. Nusu ya orodha imekatwa, na mwenzangu hajafurahi. Tunaanza na sehemu ambako maji baridi bado yanapanda kutoka kilindini, hata zile ambazo kwenye ramani za kale hazikuwa na msitu wa kujivunia.