Kula tu maharage

Tangu Jumanne usiku nayageuza maneno haya kichwani, kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki kwa ulimi. "Kula tu maharage, mwanangu."

Maktaba imefunguliwa Alhamisi, mkuu wa wilaya akakata utepe, wanafunzi wangu wakasoma bila kukwama, na huko nyumbani dada ameposwa (ndiyo, na yule yule). Nitayaandika siku nyingine. Leo siwezi.

Tulikuwa jikoni, mimi, Mama wa hapa na kijana wake wa kidato cha tatu, jiko la mkaa katikati yetu. Uyole, Mbeya, mwezi wa Julai, mtoto wa Kisauni, Mombasa, nalala na sweta mbili. Chakula kilikuwa ugali, maharage, mboga ya chainizi, na sahani ndogo yenye vipande vya kahawia vilivyokatwa kama keki, vinang'aa kidogo. Mimi nikaona soseji. Nikauliza kama tunavyouliza sisi Waislamu popote tukiwa safarini:

"Mama, hii ni nyama gani?"

Alikuwa ananimiminia maji ya kunawa. Akasimamisha birika.

"Si nyama. Ni kinaka, mama yangu kaniletea kutoka Mbozi." Kabla sijasema neno, akaivuta ile sahani upande wake. "Kula tu maharage, mwanangu."

Ni hilo "tu". Kwetu ukimwambia mgeni "kula tu", unamwondoa haya. Lakini "kula tu maharage", na sahani imeshavutwa? Nimeisikiliza "tu" ya watu wa huku wiki nzima: kaa tu, njoo tu, weka tu hapo. Kila mara natega sikio nione kama ina ule uzito wa Jumanne. Swali langu lilikuwa la dini, naye alilisikia kama la kinyaa. Nina hakika alilisikia hivyo, maana birika lilisimama. Halafu nalala, naamka, nasema labda mkono ulichoka tu.

Jumatano kijana wake akaniambia jambo ambalo afadhali ningelijua mapema. Lile sufuria dogo ninalopikiwa, lenye kifuniko cha buluu, Mama alilinunua Mwanjelwa siku moja kabla sijafika. Alikuwa ameambiwa kwamba anayekuja kujitolea ni msichana Mwislamu kutoka Kenya, akaona si haki anipikie kwenye chombo kilichowahi kuingia kitimoto, nyama ya nguruwe. Huu mwezi wa tatu, hajawahi kunitajia. Na mimi nikamuuliza nyama gani.

Ijumaa nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo Mama. Nifundishe kupika kinaka."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Utakula?"

"Nitakula."

Karanga zilizotwangwa zinachemshwa na maji, chumvi na pilipili. Ukitia ule unga wa viazi vidogo vilivyokaushwa, na magadi kidogo, huna tena nafasi ya kupumzika: mwiko unazidi kuwa mzito, uji unakuwa donge, donge linaanza kuvutika. Mama alikuwa akinisimamia begani, "usiache, usiache." Mwisho akafunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko, na hapo nikapiga kelele kwa furaha. Kumbe wanapalia! Vile vile kama nyanya yangu anavyopalia mkate wa kumimina, moto chini na moto juu. Nikamwambia hilo neno, naye akalirudia mara mbili, "kupalia, kupalia," kama anaonja chumvi.

Kikapoa, akakata. Karanga zinakuja kwanza, kisha pilipili, na ulaini ule mzito wa halua, ila hauna sukari. Nilikula vipande vinne. Mama akanisogezea sahani. "Ongeza tu." Nikasikiliza tena. Bado sijui.

Nilipouliza ni viazi gani, kijana akaniletea kimoja kikavu kiganjani, kidogo kuliko pingili ya kidole. Ni vya okidi, akasema, yale maua ya porini, jamaa ya yanayopatikana Kitulo, uwanda ule wa milimani ambao watu wa huku wanauita Bustani ya Mungu na ambao mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa kwa sababu ya maua yake. Bibi yake zamani alichimba nyuma ya nyumba, siku hizi ananunua kwa wachuuzi. Ukikichimba kiazi, mmea umekwisha. Huwezi kuupanda kama mhogo. Mbegu yake ni kama vumbi, haioti mpaka ikutane na kuvu wake udongoni. Na walaji wakubwa wako ng'ambo, Zambia, wanakokiita chikanda, magunia yanavukia Tunduma.

Nimekuwa nikihesabu. Vipande vinne ni mimea mingapi? Nilitaka kumuuliza Mama kama bibi hana huzuni ya ile ardhi ya nyuma ya nyumba. Nikaliuma swali. Nimeshamuuliza moja wiki hii. Lakini kile kiazi kimoja nimekiomba, nimekifunga kwenye leso, kiko hapa chini ya taa ninapoandika, na sijui nikifanye nini.

Ami, ndugu wa baba, hapatikani kwenye simu tangu jana alfajiri. Mamangu anasema ni chaji tu. Upepo wa kusi umekaza huko pwani, na mashua yake niliiacha ina ufa upande wa tezi, akaniahidi ataukalafati, yaani atauziba, kabla mimi sijafika Mbeya.