Swali la bibi kuhusu mayai

Wiki hii msimamizi wetu wa zamu amehamishiwa Voi, na shemeji hatimaye amepata kazi bandarini. Mambo makubwa hayo, lakini kilichonikaa rohoni ni swali la bibi wa yule mtoto wa Kisauni, yule niliyemwandika hapa kabla ya Ramadhani: anatokwa na mabaka yaliyofura na kuwasha, na kwa sababu ya kipimo cha damu alikatazwa mayai, samaki, maziwa na maharagwe.

Daktari alishamaliza kueleza kwamba vyakula hivyo sivyo vinavyoleta mabaka. Bibi akaikunja ile karatasi ya vyakula vya marufuku mara nne, akaniuliza mimi, si daktari:

"Mwanangu, basi miezi yote hii huyu mtoto amenyimwa mayai kwa kosa gani?"

"Hakukosa kitu, bibi. Na yai nalo halina kosa."

"Na samaki?"

"Samaki pia."

Akanyamaza kidogo. "Nyumba ya wavuvi, mtoto anakula wali na mchuzi mtupu."

Hilo la mwisho nimekwenda nalo kivukoni, nimelala nalo, nimeamka nalo. Kwenye chati ya kliniki uzito wake umesimama pale pale huku umri unasonga. Ana miaka minne. Mtoto wa miaka minne ukimtolea mayai, samaki, maziwa na maharagwe kwa pamoja, atajengeka kwa nini?

Karatasi ilitokana na kipimo cha damu kinachopima vyakula vingi kwa mpigo. Kipimo hicho huonyesha kwamba mwili una kingamwili za IgE, aina inayohusika na mzio, dhidi ya chakula fulani. Hakionyeshi kwamba chakula hicho kinamdhuru mtoto. Wako watoto wengi, hasa wenye pumu ya ngozi, wanaobeba kingamwili hizo na wanakula chakula chenyewe bila shida yoyote. Ukipima orodha ndefu bila kuuliza habari za mtoto kwanza, hukosi viwili vitatu vya kumnyima.

Mzio wa kweli wa chakula una tabia yake. Huja upesi, dakika chache hadi saa 2 baada ya kula, na huja kila chakula kile kinapoliwa. Mabaka ya huyu mtoto yanatoka alfajiri kabla hajatia kitu kinywani, adhuhuri yamepotea, usiku yamehamia mapajani. Yameshapita wiki 6, kwa hiyo ni mabaka sugu, na katika mabaka sugu ya watoto chakula ni chanzo kwa nadra sana. Mara nyingi chanzo cha nje hakipatikani kabisa: seli za ngozi zinamwaga zenyewe histamini, kemikali inayoleta uvimbe na muwasho, na kwa baadhi ya watoto ni kinga ya mwili inayozichokoza. Ushahidi bibi alikuwa nao nyumbani. Tangu mayai yaondolewe, mabaka hayakupungua hata siku moja. Alinieleza pia kwamba siku ya Idi mtoto alikula mkate wa mayai kwa jirani na hakudhurika, ila huo peke yake haunitoshi, maana yai lililookwa huvumiliwa hata na baadhi ya watoto wenye mzio wa kweli wa mayai.

Kwa kuwa alikuwa akila mayai tangu utotoni bila kufura mdomo wala kutapika, daktari aliyarudisha hapo hapo kliniki, kipande kidogo kwanza, adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ikiwa karibu. Wazazi mnaosoma, mtoto aliyewahi kufura midomo, kutapika au kubanwa kifua muda mfupi baada ya kula kitu, msimjaribie nyumbani.

Kilichokuwa kinakosekana ni dawa ya kila siku. Alikuwa anapewa Piriton, yaani klorofenamini, dawa ya mzio ya kizazi cha zamani, usiku ambao mabaka yamechachamaa, asubuhi anasinzia shuleni, na mabaka yanarudi. Dawa za kizazi hicho huingia ubongoni, huharibu usingizi na usikivu wa mtoto, na miongozo ya kimataifa ya urtikaria, jina la kitaalamu la mabaka haya, haizishauri tena kama tiba ya kawaida. Sasa anatumia setirizini ya maji, dawa ya kizazi kipya ya kuzuia histamini, 2.5 mg asubuhi na 2.5 mg jioni, kipimo cha umri wa miaka 2 hadi 6. Chupa yake ina 5 mg katika mililita 5, kwa hiyo ni mililita 2.5 kila mara, kwa bomba la kupimia, si kwa kijiko cha chai, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Soma chupa yako, huenda nguvu yake ni nyingine.

Inatolewa hata siku ambayo ngozi ni safi. Dawa hii hukaa mahali ambapo histamini ingejishika. Ikifika ya pili, baka limeshainuka. Kosa ninaloliona zaidi ni kuacha siku ya tatu ngozi inapotulia, halafu mzazi anasema dawa imeshindwa. Ipe wiki 2 hadi 4 kabla ya kuihukumu. Isipotosha, daktari anaweza kupandisha kipimo hatua kwa hatua, kwa wengine hadi mara 4 ya kipimo cha kawaida, lakini hilo ni la daktari, si la duka la dawa. Na angalieni dawa za mafua: nyingi zina klorofenamini ndani yake, mtoto akapata dawa mbili za aina moja bila mtu kujua.

Bibi tulimpa daftari. Kila jioni anaandika namba mbili. Mabaka: hakuna ni 0, chini ya 20 ni 1, kuanzia 20 hadi 50 ni 2, zaidi ya hapo ni 3. Kuwashwa vivyo hivyo, kuanzia 0 hadi 3 ya kushindwa kulala. Jumla ya wiki haiwezi kuzidi 42. Wiki ya kwanza iliandikwa 33. Jana amekuja na 8, mwandiko wake umenyooka, na pembeni ameongeza kitu ambacho hatukumwomba: "Amekula samaki changu. Ameomba tena." Nilisoma mstari huo nikamrudishia daftari nikiwa nacheka kwa furaha, na sijali aliyeniona.

Yako mengine ambayo bibi ameyashika vizuri kuliko vijana wengi. Maji ya kuoga ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Nguo ya pamba isiyobana, kwa sababu mpira wa kaptura na mkanda wa begi huamsha mabaka pale pale vinapokandamiza. Homa inatibiwa kwa parasetamoli, kwa kuwa aibuprofeni huweza kuyachochea. Joto letu hili la pwani huongeza muwasho, basi feni na kivuli ni sehemu ya tiba. Liwa amepaka na sikumkataza. Inapoza, ila haiondoi mabaka, na isiguse ngozi iliyochunika. Anapiga picha kwa simu mabaka yanapotoka, maana yakifika kliniki huwa yamekwisha kutoweka. Na analizungushia wino baka moja: likikaa mahali pale pale zaidi ya saa 24, likiuma au likiacha alama kama ya kuvilia damu, hilo ni jambo jingine na daktari alione mapema.

Huo wino umetusaidia na wengine. Ndugu wawili wa Likoni wameletwa kwa jina la aleji ya chakula, na vipele vyao vilikuwa vimekaa siku nyingi pale pale miguuni na mikononi, kila kimoja na tundu katikati, hakuna hata kimoja chini ya nguo. Hivyo ni vya kuumwa na wadudu, mbu, viroboto au kunguni, ngozi ya mtoto ikajibu kwa hasira. Dawa yake ni chandarua, godoro kuanikwa na kukaguliwa mishono, krimu ya haidrokotisoni kwa siku chache. Muwasho wa usiku wenye vipele katikati ya vidole, na mama naye anajikuna, ni upele, na hapo hutibiwa nyumba nzima siku moja.

Kukohoa kwa ghafla, sauti kukwama, ulimi kufura, kutapika mfululizo au kulegea pamoja na mabaka: hospitali wakati huo huo, usisubiri dawa ya maji ifanye kazi.

Bibi anarudi mwezi ujao. Anataka kujua mtoto atapona lini, na jibu la kweli ni kwamba wengi huachwa na mabaka baada ya miaka kadhaa, na dawa hupunguzwa polepole ngozi ikishakaa safi kwa miezi. Alilipokea vizuri kuliko nilivyotarajia.

Masika ndiyo haya, na fundi wa paa hapokei simu tangu achukue nusu ya pesa. Mabati yameshushwa, yameegemezwa ukutani, na chumba cha watoto kimefunikwa turubai tu. Kesho nitampitia Majengo kabla ya zamu.