Ile nyota ya mkia, Kibirizi 1997

Binti yangu kaniuliza juzi kwa nini kometi, yaani nyota za mkia, nyingine hurudi na nyingine hazionekani tena. Nimemjibu nilivyoweza, lakini tangu hapo kichwa changu kiko Kibirizi, ufukoni Kigoma.

Ilikuwa Aprili 1997, siku za giza, na baba mdogo alikuwa anajiandaa kuingia ziwani kuvua dagaa. Ufuo ulijaa watu waliovuka wakikimbia vita Zaire, Kongo ya leo. Mwaka ule mnaukumbuka. Mimi nimeshika karabai, yeye anapiga pampu. Tukainua macho, nayo ipo, chini chini kaskazini magharibi, juu ya milima ya ng'ambo. Kichwa cheupe, mkia umelala upande wa kulia kama moshi penye upepo. Wazee hawakukawia: nyota ya mkia ni vita, ni njaa, ni mkubwa kuanguka. Mama mmoja wa Zaire aliyekaa juu ya furushi lake akinyonyesha aliitupia jicho mara moja tu.

"Hii imechelewa," akasema. "Vita ilisha kuanza."

Kuna waliocheka. Kicheko hakikufika mbali.

Baba mdogo hakuwa mtu wa ishara. Aliitazama vile anavyolitazama ziwa kabla ya kusukuma mtumbwi, akanyoosha mkono na kuufuata mkia kinyumenyume mpaka pale jua lilipozama. "Upepo wake unatoka kule." Akarudi kwenye pampu.

Nilikuja kusoma ukubwani kwamba alipatia. Mkia wa kometi husukumwa na mwanga wa jua na upepo wa jua, yaani chembechembe zinazotoka kwenye jua, kwa hiyo daima huelekea mbali na jua. Kometi inapoondoka, mkia ndio unaotangulia. Ile yetu ni Hale-Bopp, iliyogunduliwa 1995 na Alan Hale na Thomas Bopp, Wamarekani wawili, kila mmoja kivyake, usiku uleule. Asili yake ni Wingu la Oort, kundi la vipande vya barafu lililo mbali mno kupita sayari zote, na za huko huchukua maelfu ya miaka kuzunguka. Za safari fupi, kama kometi iitwayo 67P ya miaka sita na kitu, nyingi hutokea Ukanda wa Kuiper, mkanda wa vipande vya barafu nyuma ya sayari ya Neptuni. Kometi ya Halley ndiyo mkaidi: hurudi kila miaka 76 hivi, ila nayo hudhaniwa ni ya Oort. Na njia zenyewe hazidumu. Mwaka 1996 Hale-Bopp ilipita jirani na sayari ya Mshtarii (Jupita), mzunguko wake wa miaka 4,200 hivi ukakatwa hadi 2,500 hivi.

Mwezi uliofuata ile jioni ya ufukoni, Mobutu, rais wa Zaire, akakimbia Kinshasa. Wale wazee wakatembea kifua mbele mtaa mzima wa Mwanga, hapo Kigoma: si tuliwaambia? Baba mdogo hakubishana nao. Mimi ningewapa nusu ya alama, kama si yule mama wa furushi.