Tairi kuukuu na maji ya mvua

Hapa Uganda Sheria ya Maji tunayo tangu miaka ya 1990, ya Mazingira ilitungwa upya 2019. Natamani sana wabunge wetu wayatazame maji na tairi kuukuu kwa pamoja, maana uani hukutana. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 25 hutoa lita 1,000, ukiacha zinazomwagika. Tairi lililotupwa pembeni nalo hukinga yake. Kumwaga tu hakutoshi: mayai ya mbu wa Aedes, wale wanaoeneza homa ya dengi, hunata kwenye mpira, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Sugua ndani kwa brashi ngumu. Kisha toboa matundu manne ya sentimita 2 katikati ya ubavu utakaolala chini, ili maji yatoke. Ukingoni keekee itagonga waya wa chuma.